Kuingia kompyuta kwa mbali: inapokataa, na antivirasi inapopiga kelele

Ukiwa fundi wa kompyuta Tabora, wateja wako wengi hawako mjini. Wako Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui vijijini, kwenye ofisi za vyama vya msingi, maduka ya pembejeo na steshonari. Kumfuata kila mmoja kwa basi ni siku nzima, na nauli inazidi kazi yenyewe. Ndiyo maana AnyDesk, TeamViewer, RustDesk na nyingine za aina hiyo ninazishika kila siku kama ninavyoshika bisibisi. Mteja anafungua programu, ananisomea namba, nami naingia kwenye kompyuta yake nikiwa hapa hapa karibu na soko.

Simu ninazopigiwa kuhusu programu hizi zinajirudia. Nimezipanga kwa dalili, kama wateja wanavyozisema wenyewe, na ndani ya kila dalili nimetanguliza sababu ninayoikuta mara nyingi. Fuata mpangilio huo. Ukirukia sababu ya mwisho utamaliza jioni nzima kwa jambo la dakika mbili. Sehemu ya antivirasi ni ndefu kuliko nyingine, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapoibiwa.

"Fundi, namba haitokei"

Programu inafunguka, lakini pale inapotakiwa kuonyesha namba ya kompyuta ni patupu, au inaandika kwamba haijaunganishwa na seva.

Cha kwanza kuangalia ni bando. Mtu amewasha hotispoti ya simu, WhatsApp inaingia na kutoka, anaapa kwamba mtandao upo. Kumbe bando alilonunua ni la mitandao ya kijamii peke yake, na programu ya kuingia kwa mbali haimo humo. Mwambie afungue tovuti yoyote ya habari kwenye kompyuta yenyewe, asiifungue kwenye simu. Isipofunguka, anunue bando la kawaida kabla hamjagusa kitu kingine.

Cha pili ni saa ya kompyuta, na hiki naomba ukisome taratibu.

Msimu mmoja wa masoko ya tumbaku, karani wa chama upande wa Kaliua alinipigia asubuhi. "Mwangaluka, fundi. Mashine imegoma, na wakulima wananisubiri hapa nje." Tukapima bando, lipo. Tukafuta programu na kuiweka upya, bado namba haitokei. Tulihangaika karibu saa nzima, mpaka nikamwambia, "Dada, hebu nisomee tarehe iliyo chini kabisa, kona ya kulia." Akanyamaza kidogo. "Inasema tarehe moja, mwezi wa kwanza, elfu mbili na kumi na tano." Usiku umeme ulikuwa umekatika.

Kinachotokea ni hiki. Kabla ya kuunganika, programu na seva huonyeshana cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, mfano wa leseni ya udereva. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2015 inakiona cheti cha mwaka huu kama kitu ambacho hakijaanza kutumika, inakikataa. Tovuti za benki nazo zitakataa kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye kompyuta za mezani saa hutunzwa na betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi, aina ya CR2032, volti 3. Ikishachoka, kila umeme unapokatika tarehe inarudi ile ya kiwandani.

Dawa ya haraka ni kurekebisha tarehe kwa mkono. Kwenye ukanda wa saa usitafute Dar es Salaam, Windows haina jina hilo kwenye orodha yake. Chagua Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya dunia, ndiyo saa yetu. Dawa ya kudumu ni kubadilisha betri. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa ya zamani ukikumbuka upande uliokuwa juu, weka mpya. Kama hujawahi kufungua kompyuta, au ni laptopu, mpe fundi. Kwenye laptopu nyingi betri hiyo ina waya wake, na nyingine haina betri hiyo kabisa.

Cha tatu ni kuzuiwa, ama na antivirasi yenye kichujio chake cha mtandao, ama na mtandao wa ofisi. Poti ni mlango wenye namba ambao programu hupitia kwenye mtandao. TeamViewer hutumia poti 5938, ikizuiwa hujaribu 443 na 80. AnyDesk hutumia 80, 443 na 6568. Kwa kuwa 443 ndiyo inayobeba tovuti za kawaida zenye kufuli, si rahisi kukuta imefungwa. Ukikuta ofisi imezizuia programu hizi kwa makusudi, simama hapo. Mtafute afisa TEHAMA wao akuruhusu. Usimshauri mtumishi azunguke kwa hotispoti yake, maana matatizo yatakayofuata yatamwangukia yeye.

Cha mwisho ni Windows ya zamani. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 14, 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 14, 2025. Matoleo mapya ya programu yanaweza kukataa kwenye mashine za zamani, na hapo mtu anakwenda kutafuta toleo la kale kwenye tovuti asiyoijua. Usifanye hivyo. Sababu nitaieleza kwenye sehemu ya antivirasi.

"Inaingia halafu inakatika"

Mara nyingi ni mtandao mwembamba. Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio ya programu, ondoa picha ya ukutani, na uangalie kama Windows haipakui masasisho nyuma yako. Ukiuweka mtandao huo kuwa wa kulipiwa kwa kipimo ("Metered connection"), Windows itapunguza kula bando.

Kama inakatika baada ya muda ule ule kila mara, tazama mipangilio ya kulala. Laptopu ikilala, mtandao nao umelala. TeamViewer ya bure nayo ikishuku kwamba unaitumia kibiashara hukatiza baada ya dakika chache na kuandika hivyo kwenye kioo. Kama unalipwa kwa kazi hiyo, programu haijakosea: lipia leseni au tumia nyingine inayoruhusu.

"Naona kioo cheusi" au "mshale wako hausogei"

Kuna wakati Windows inauliza kwa kufifisha kioo kizima, "Unaruhusu programu hii ibadilishe kompyuta yako?" Swali hilo hutokea kwenye ukurasa uliotengwa, na programu ya mbali iliyofunguliwa tu bila kuwekwa rasmi haiwezi kuuona. Wewe unaona weusi, mteja anaona swali na hajui kama linamhusu. Kabla hujagusa kitu kinachohitaji ruhusa ya msimamizi, mwambie: "Kioo kitafifia, soma jina lililoandikwa pale, unisomee, ndipo ubonyeze Yes." Ukitaka kuliona swali hilo mwenyewe, iweke programu rasmi au uifungue kwa haki za msimamizi. Mimi napendelea mteja asome. Anazoea kusoma kabla ya kubonyeza, na siku nyingine itamsaidia.

Sababu nyingine ni kompyuta ya mezani isiyo na kioo kilichounganishwa. Kuna kadi za picha ambazo hazichori chochote zisipoona kioo.

Kwenye Mac, tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, lazima mwenye mashine aipe programu ruhusa mbili kwenye mipangilio ya faragha: ya kurekodi kioo na ya kuendesha mashine. Ya kwanza ikikosekana huoni kitu, ya pili ikikosekana unaona lakini mshale hautii. Wa Linux, kama unaingia kupitia Wayland (mfumo unaochora kioo), toka, kisha kwenye ukurasa wa kuingilia chagua Xorg, kama ipo, ujaribu tena.

"Antivirasi imesema ni kirusi, nimeifuta" au "nimeiruhusu"

Wateja wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaofuta kila kitu kwa hofu, na wapo walioambiwa na fundi "zima antivirasi kwanza" wakazoea kuruhusu kila onyo. Kundi la pili ndilo linaloninyima usingizi. Mafundi wenzangu, tuache kuwaambia wateja wazime antivirasi. Tukishaondoka wao hubaki nayo imezimwa, wakiamini ndivyo fundi alivyotaka.

Onyo linapotokea, usifute wala usiruhusu. Faili iliyo karantini, yaani iliyofungiwa na antivirasi, haiwezi kukudhuru, iache ikae humo wakati unaulizia. Fungua Windows Security, kisha "Virus & threat protection", kisha "Protection history", usome jina zima la onyo na mahali faili ilipo. Liandike kwenye karatasi.

Majina hayo yana maana. Ukiona maneno kama RemoteAdmin, RiskWare au PUA, antivirasi inasema hii ni zana ya kuendesha kompyuta kwa mbali, na je, unaijua? Kaspersky huandika kabisa "not-a-virus" mbele yake, yaani si kirusi. Hilo si kosa la antivirasi. Wezi wanatumia AnyDesk ile ile ninayotumia mimi, na antivirasi haina namna ya kujua aliye upande wa pili ni fundi wako au ni tapeli. Ukiona Trojan, Backdoor, Stealer au Ransom, lichukulie kuwa la kweli mpaka uthibitishe vingine. Viambishi kama Gen, Heur au "!ml" mwishoni vinaonyesha kwamba mashine imekisia kwa kufananisha tabia au umbo la faili. Hapo ndipo king'ora cha uongo hutokea zaidi, ingawa kukisia si lazima kukosea.

Swali la kwanza baada ya kusoma jina: nani aliiweka? Wengi wanarukia kuuliza kama ni kirusi. Mama mmoja mwenye steshonari Isevya alikuwa akipata onyo la RemoteAdmin kila asubuhi akiwasha mashine, na kila asubuhi anabonyeza kuruhusu. "Si ile yako, fundi?" Haikuwa yangu. Yangu hufunguliwa tukiwa kwenye simu na kufungwa tukimaliza. Hii ilikuwa imewekwa ijiwashe yenyewe, na imepewa paswedi ya kudumu ya kuingia bila mwenye mashine kuulizwa. Faili yenyewe ilikuwa halisi, saini yake ya kidijitali, yaani muhuri wa kampuni iliyoitengeneza, ilikuwa safi. Mtu angeipima kwa kila kipimo angesema ni king'ora cha uongo. Mama akakumbuka kijana aliyekuja kutengeneza printa wiki kadhaa nyuma. Tuliiondoa, tukabadilisha paswedi zake zote kwa kutumia simu, maana kompyuta ile hatukuiamini tena siku hiyo.

Ukishajua aliyeiweka na unamwamini, pima faili yenyewe.

Saini kwanza. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", tafuta ukurasa wa "Digital Signatures". AnyDesk husainiwa kwa jina la AnyDesk Software GmbH, TeamViewer kwa TeamViewer Germany GmbH. Bonyeza "Details" uhakikishe inasema saini ni sawa. Kama ukurasa huo haupo kabisa kwenye faili inayojiita AnyDesk, ifute. Hapa ndipo faili za kuhamishwa kwa flashi zinapoumbuka. Kirusi kama Sality hujipachika ndani ya faili za .exe zilizo nzima, na kikishaingia saini inavunjika. Fundi aliyebeba programu kwenye flashi kupitia kompyuta ishirini anaweza kuwa ndiye anayesambaza, bila kujua.

Kisha toleo. Februari 2024 kampuni ya AnyDesk ilitangaza kwamba seva zake zimevamiwa, ikabatilisha vyeti vyake vya usalama na kubadilisha cheti cha kusainia programu. Kwa Windows, toleo 8.0.8 ndilo lililotoka na cheti kipya. Nakala za kabla ya hapo bado zimejaa kwenye flashi za watu, na antivirasi ikizikataa ina haki. Usizirudishe. Pakua mpya kutoka anydesk.com. Anwani hiyo iandike mwenyewe kwa mkono, usibonyeze tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji. Matangazo ya namna hiyo yamewahi kutumika kuwapeleka watu kwenye tovuti bandia za programu hizi hizi.

Ikiwa bado una shaka, chukua alama ya kidole ya faili, yaani namba inayoitambulisha (hash). Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye folda yenye faili hiyo, uandike:

certutil -hashfile AnyDesk.exe SHA256

Utapata mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ubandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha VirusTotal, huduma inayopima faili kwa antivirasi zaidi ya 70 kwa pamoja. Ukikuta mbili tatu usizozijua zinalalamika na zile kubwa ziko kimya, na saini ni nzima, kuna uwezekano mkubwa ni king'ora cha uongo. Ukikuta zinalalamika kwa makumi, acha. Faili isiyojulikana kabisa, ambayo haijawahi kupimwa, usiihesabu kuwa salama kwa sababu tu hakuna aliyelalamika. Tena usipakie humo nyaraka za wateja wala za ofisi. Kinachopakiwa kinaweza kuonwa na kampuni za usalama zinazoshirikiana na huduma hiyo. Alama ya kidole peke yake haibebi maandishi yako.

Faili ikifaulu yote hayo, irudishe kutoka karantini na uiwekee msamaha ("Exclusion") faili hiyo moja, ili antivirasi isiikamate tena. Usisamehe folda nzima ya "Downloads", na kamwe usisamehe diski C. Kirusi kinachoingia hutua kwenye folda hizo hizo ulizosamehe. Halafu itaarifu kampuni ya antivirasi. Microsoft na kampuni kubwa nyingine zina ukurasa wa kupokea faili zilizoshukiwa kimakosa, na wakithibitisha, msamaha wako hautahitajika tena.

Antivirasi kukosea kweli kupo. Aprili 21, 2010, sasisho la McAfee liliiona svchost.exe, faili ya Windows XP yenyewe, kuwa kirusi, na kompyuta sehemu nyingi duniani zikawa zinajizima na kujiwasha bila kutulia. Kwa hiyo onyo likitaja faili iliyo ndani ya folda ya Windows, usifute kwa mkono. Sasisha antivirasi, pima tena. Likiendelea, ita fundi kabla ya kuzima mashine, maana huenda isiwake.

"Mshale unatembea wenyewe"

Wengi hudhani wameingiliwa. Mara nyingi ni padi ya laptopu yenye jasho au vumbi, mausi isiyo na waya yenye betri dhaifu, au chaja mbovu. Njia ya kutenganisha ni rahisi: kata mtandao. Zima hotispoti au chomoa waya wa rauta. Mshale ukiendelea kucheza bila mtandao, ni kifaa. Futa padi, chomoa mausi, chomoa chaja ujaribu kwa betri. Ukitulia pale pale mtandao ulipokatika, na ukaanza tena uliporudi, kuna mtu.

Kama kuna mtu, usirudishe mtandao. Tumia simu au kompyuta nyingine kubadilisha paswedi za baruapepe na benki, na wapigie watoa huduma wa akaunti zako za fedha wazifunge kwa muda. Hilo ni kabla ya kumpigia fundi.

Fanya hivyo hivyo kama umeweka programu ya mbali kwenye simu kwa kuelekezwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Akishaona kioo chako anaona ujumbe wa namba za uthibitisho unavyoingia. Hakuna mhudumu wa kweli wa pesa za simu anayehitaji kuona kioo chako ili kukurudishia muamala. Zima data, ondoa programu, nenda kwa wakala au ofisi ya mtandao wako, na namba iliyokupigia iripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Kuingia kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo kituo cha polisi wanayo sababu ya kukusikiliza.

Acha kujaribu mwenyewe pia kama faili zimebadilika majina na kuna ujumbe unaodai malipo, kama ni kompyuta ya hospitali, shule au chama yenye taarifa za watu, au kama mtu alifungua poti 3389, mlango wa Remote Desktop ya Windows, moja kwa moja kwenye intaneti ili aingie kutoka nyumbani. Hiyo ya mwisho ifungwe leo, na aliyeifungua aelekezwe jinsi ya kupitia VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa ndani ya intaneti.

Na hata ukisikia hasira, usifomati kabla mtaalamu au polisi hajaona. AnyDesk huandika kila aliyeingia na saa aliyoingia kwenye faili iitwayo connection_trace.txt, na TeamViewer kwenye Connections_incoming.txt. Nakili faili hizo kwenye flashi tupu, andika tarehe juu ya bahasha, uende nayo.